Mpaka Ulipofungwa, Nani Aliulizwa?

(Maneno yaliyotolewa mbele ya waumini na wapenda mageuzi, Mwala, Machakos)



Nimeombwa niseme juu ya ujirani wetu na Tanzania na Uganda. Nitaanzia hapa karibu, Wamunyu. Uchongaji wa vinyago unaolisha nyumba nyingi pale haukuzaliwa Ukambani. Yasimuliwa kwamba Mutisya Munge, aliyefika Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, alijifunza kwa Wazaramo akarudi nao kwao. Hakungoja mkataba wa mtu.

Mkataba ulikuja mwaka 1967, marais Kenyatta, Nyerere na Obote walipotia sahihi mjini Kampala. Tukawa na reli, bandari, posta na ndege za pamoja. Lakini wenzetu walinung'unika kwamba faida kubwa ilibaki Nairobi, na hawakukosea sana. Kisha Idi Amin akanyakua Uganda mwaka 1971, na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Tanzania ikafunga mpaka, na ukabaki umefungwa hadi Novemba 1983. Mali ziligawanywa kwa makubaliano ya Arusha ya mwaka 1984, kama mali ya marehemu asiyeacha wosia.

Je, ni mkulima gani wa Mwala aliyeulizwa kabla ya hayo? Ni mchuuzi gani wa Namanga? Katika nchi zile hapakuwa na chama cha upinzani bungeni cha kuuliza kwa niaba yao. Marafiki wakigombana juu, biashara ya chini ikafa. Mkataba mpya, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, wenyewe wakiri katika utangulizi wake kwamba miongoni mwa sababu za kuvunjika ni wafanyabiashara na wananchi kutoshirikishwa ipasavyo.

Leo wanachama ni nchi 8. Lakini tabia ya amri za ghafla haijatutoka. Mwaka 2017 Tanzania iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya. Machi 2021 ilikuwa zamu yetu: Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya aflatoksini, ile sumu ya ukungu, na baada ya siku chache ikalegeza kwa masharti. Ndugu zangu, sisi wa Ukambani hatuwezi kuidharau sumu hiyo. Mwaka 2004 iliua watu 125 katika wilaya zetu za mashariki, Machakos ikiwamo. Walakini uchunguzi ulionyesha kwamba yalikuwa mahindi yaliyolimwa humu humu, yakawekwa ghalani yangali na unyevu. Kufunga Namanga hakukaushi ghala la Mwala. Kilichohitajika ni vipimo vya aina moja pande zote mbili, na mkulima aelezwe mapema.

Nani wa kuyasema hayo Arusha? Kila nchi hupeleka wabunge 9 waliochaguliwa katika Bunge la Afrika Mashariki, nao huchaguliwa na Bunge la taifa, wala si kwa kura yako na yangu. Basi njia tuliyo nayo ni mbunge wetu. Nimeandika barua ya kumwuliza aliwapigia kura akina nani, na ni nani kati yao aliyesimama kuzungumzia mahindi. Iko mezani kwa katibu. Isomeni, irekebisheni mnapoona imepungua, kisha tieni sahihi kabla ya kutawanyika.