Cherehani cha Kumfundishia Mtoto

(Maongezi ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wahitimu wa kisomo)



Mwenyekiti wa darasa lenu ameniomba nizungumze juu ya cherehani. Anasema mazao yameuzwa, na baadhi yenu mnataka kuwanunulia watoto vyerehani ili wajifunze kushona wangali wadogo. Hilo ni jambo jema. Samaki mkunje angali mbichi. Lakini kabla hamjafungua vibindo vyenu, nataka niwasimulie kosa langu mwenyewe.

Mwaka 2019 binti yangu alikuwa na miaka tisa. Alipenda mno kushona. Alikuwa akiokota vipande vya vitambaa barazani kwa fundi na kuviunga kwa sindano ya mkono. Basi nilipokwenda mjini kwenye semina, nikaona dukani kicherehani cha plastiki, cha betri, rangi nzuri, bei ndogo. Nikasema moyoni, hiki ndicho cha mtoto. Nikakinunua bila kukijaribu.

Tulipofika nyumbani kilishona kitambaa chepesi. Lakini mtoto alipotaka kupinda khanga, pale kitambaa kinapokuwa mara tatu, kikakwama. Uzi ukajiviringa chini. Mtoto akafumua, akarudia, akafumua tena. Siku ya tano akakisukuma kando, akaniambia, "Baba, mimi siwezi kushona."

Ndugu zangu, lipimeni neno hilo. Kosa lilikuwa la chombo, tena la mimi niliyekinunua. Lakini aliyelibeba ni mtoto. Mambo haya tunayajua hata darasani kwetu. Mtu mzima anasema hana akili ya kusoma, kumbe tatizo lake ni macho. Akipata miwani, anasoma!

Mama yangu alikuwa akitutazama tu. Yeye ni mhitimu wa kisomo kama ninyi, alifanya mtihani wa taifa wa mwaka 1975. Akaingia chumbani, akatoa cherehani chake cha zamani cha mkono, kile cheusi cha chuma. Akakipangusa vumbi, akatia mafuta. Akasema, "Njoo mjukuu wangu. Zungusha polepole." Jioni ile ile mtoto akapinda khanga yake.

Sasa basi, tujifunze. Vyerehani vya nyumbani ni vya aina tatu.

Kwanza, cherehani cha mkono. Mtoto anazungusha mpini kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unaongoza kitambaa. Mpini ukizunguka mara moja, sindano inashuka mara tatu hivi. Mtoto akisimamisha mkono, sindano nayo inasimama. Haikimbii mbele yake. Tena kinawekwa juu ya meza yoyote iliyo imara. Ubaya wake ni kwamba mkono mmoja tu ndio unaoshika kitambaa, kwa hiyo kazi inakwenda polepole. Kwa mwanafunzi, polepole hiyo ndiyo faida.

Pili, cherehani cha miguu. Hiki ni kizuri sana, maana mikono yote miwili iko huru. Lakini miguu ya mtoto lazima ifike vizuri kwenye kikanyagio, naye awe amekaa sawasawa, siyo anayening'inia ukingoni mwa kiti. Tena kukanyaga kunahitaji mazoezi. Gurudumu likirudi nyuma, uzi unajisokota au unakatika. Na muwaangalie wadogo zake wanaocheza karibu, wasiingize vidole kwenye mkanda.

Tatu, cherehani cha umeme. Ni chepesi kwa mtu aliyekwisha kujua. Kwa anayeanza kina mbio. Akikanyaga kwa nguvu kidogo tu, kitambaa kimekwenda, na kidole kinaweza kwenda nacho. Kama mnacho tayari, tafuteni kile kinachoweza kupunguzwa mwendo. Na kama kimetoka ng'ambo, someni kibandiko chake. Umeme wetu wa majumbani ni wa volti 230. Kilichotengenezwa kwa volti 110 mkikichomeka moja kwa moja kitaungua. Mnaona faida ya kujua kusoma!

Ushauri wangu ni huu. Mtoto wa miaka minane au tisa mwanzeni na cherehani cha mkono, kichwa cha chuma, kipya au kilichotumika. Vile vyeusi vya Singer vya zamani na vya Butterfly kutoka China vinajulikana na mafundi wetu, na vipuri vyake hupatikana. Tazameni gurudumu lake. Likiwa na matundu au mataruma, mpini wa mkono unaweza kufungwa hapo. Baadaye mtoto akirefuka, kichwa hicho hicho mnaweza kukifunga kwenye meza ya kukanyaga. Kabla ya kununua, mwulizeni fundi kama kichwa hicho kinakubali vyote viwili. Hivyo mtakuwa mmenunua chombo kinachokua pamoja na mtoto.

Haya, mkifika kwa muuzaji, msinunue kwa kutazama rangi. Nendeni na fundi mnayemwamini, mchukue na vitambaa vyenu: kipande chepesi na kipande cha khanga kilichokunjwa mara tatu. Kisha fanyeni hivi:

1. Zungusheni gurudumu kwa mkono. Lizunguke laini, lisikwaruze wala kukwama.
2. Shoneni kitambaa chenu, halafu kigeuzeni. Mshono uwe mzuri juu na chini.
3. Tazameni meno yanayosogeza kitambaa. Yakiwa yamelika, kitambaa hakitakwenda.
4. Ulizeni sindano na bobini zake zinapatikana duka gani. Chombo kisichokuwa na vipuri ni mzigo.
5. Mkalisheni mtoto mwenyewe. Je, anafikia? Anaona sindano vizuri? Anauweza mpini?

Msisahau hiyo ya tano. Mimi niliisahau.

Mkishanunua, msianze na kitambaa. Wekeni sindano ya zamani, msitie uzi. Chukueni daftari kuukuu, lile lile mlilojifunzia kuandika, mtoto afuate mistari yake kwa matundu ya sindano. Akiweza kufuata mstari, mpeni kitambaa. Aanze na mfuko au leso, gauni baadaye. Na mtu mzima awe karibu. Wakati wa kutunga uzi wa sindano, mkono utoke kwenye mpini na mguu utoke kwenye kikanyagio.

Nimalizie na jambo moja, nalo linaniuma. Binti yangu alipofika miaka kumi na mmoja alikuwa ameiva. Majirani wakaanza kuleta kazi: pindo la khanga, zipu, sare za shule. Mimi nikapokea. Fedha zikaingia kidogo kidogo, nikafurahi. Mwezi wa pili mwalimu wake akaniita. Akanionyesha daftari la hesabu lenye kurasa tupu. Mtoto alikuwa akisinzia darasani. Mimi, afisa elimu! Niliona aibu, ndugu zangu. Siku ile nikarudisha kazi zote za watu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto aliye chini ya miaka 14 haajiriwi, na hata akifikisha umri huo, kazi isimzuie kusoma. Cherehani mnachomnunulia ni kwa kujifunza. Ashone baada ya masomo, mchana, penye mwanga, kisha akacheze na wenzake. Nanyi wenye watoto wa kiume, msiwaache nje. Mafundi wangapi wa kiume wamejenga nyumba kwa sindano?



Maswali ya kujadili darasani:

1. Kwa nini cherehani cha mkono kinamfaa mtoto anayeanza?
2. Ni mambo gani ya kuangalia kabla ya kununua cherehani?
3. Katika kijiji chetu, watoto wanafanya kazi gani zinazowaondolea muda wa kusoma? Tufanye nini?