Kumsikiliza Mtu Mmoja: Ushauri na Afya ya Akili



Nabii Eliya alipoketi chini ya mretemu akiomba afe, hakuhubiriwa. Aliachwa alale, akapewa mkate na maji. Baadaye akaulizwa swali, akapata nafasi ya kujieleza (1 Wafalme 19). Huo ndio utaratibu wa ushauri wa mtu na mtu.

Mkulima wa Bariadi, au popote mkoani Simiyu, ambaye mvua imemnyima mavuno na pamba yake haikutosha kulipa deni, ni vigumu aeleze hofu yake mbele ya watu wengi. Aibu huziba kinywa. Akiketi na msikilizaji mmoja atunzaye siri, hulitaja linalomnyima usingizi. Jambo likishatajwa, laweza kushughulikiwa sehemu moja baada ya nyingine.

Mfano upo Zimbabwe. Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kuwafunza akina bibi wa Harare kuwasikiliza wenye huzuni nzito kwenye benchi, penye zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa hivyo walipata nafuu ya sonona kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Bibi hao hawakuwa madaktari, walifunzwa, wakasikiliza.

Basi mzee wa kanisa asiharakishe kukemea, wala kusema imani ya mtu ni haba. Asikilize na kutunza siri. Lakini siri haizidi uhai: anayesema ataka kufa asiachwe peke yake; asindikizwe hospitali, maombi yakiendelea.

Eliya aliinuka, akarudi kazini. Mungu aubariki usharika huu.