Chombo cha Bia na Uhai wa Mwenye Kukiosha

(Haya ndiyo maneno tuliyowaambia wanachama katika mkutano wa jioni, Baba Dogo. Wengi wameomba yaandikwe, nasi tunayaandika hapa.)



Twajua wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na wengine mnaingia zamu ya usiku, kwa hivyo hatutawachosha.

Baadhi ya ndugu zetu waliopunguzwa kazini wanataka kuchanga fedha zao za mafao na kufungua kiwanda kidogo cha bia, chenye leseni, hapa hapa mtaani. Wametuuliza: tununue vyombo gani, na tuvitunze vipi? Swali ni jema, na jibu letu ni fupi. Nunueni chombo ambacho mtu aweza kukiosha chote akiwa amesimama nje yake. Mengine yote tutakayosema yanafuata neno hilo.

Sisi watu wa Baba Dogo hatuhitaji kufundishwa harufu ya kimea. Jirani yetu ni Ruaraka, na kiwanda cha Ruaraka, ambacho leo ni kikubwa sana, kilianzishwa mwaka 1922 na ndugu wawili, George na Charles Hurst. Kilianza kidogo. Mwaka wa pili George aliuawa na ndovu porini, na ndiyo asili ya jina la Tusker. Kwa hivyo mtu asiwacheke ndugu zetu kwamba wanaanza na pipa moja. Kuanza kidogo si aibu. Aibu ni kuanza vibaya.

KUHUSU SHERIA

Sheria ya Vinywaji vya Kulevya ya mwaka 2010 iliruhusu hata chang'aa, iliyokuwa imepigwa marufuku, itengenezwe kwa leseni. Haikumruhusu mtu yeyote kupika apendavyo. Yapasa kupata leseni, kupimwa na KEBS, na kulipa ushuru kwa KRA. Tena mahali pa kazi papaswa kuandikishwa chini ya Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, nao wafanya kazi wawekewe bima ya ajali kwa Sheria ya Fidia ya mwaka huo huo. Kiwanda cha ushirika hakisamehewi kwa sababu wenyewe ndio wafanya kazi. Mvuke hauulizi kama wewe ni mwenye hisa.

Msituone wagumu. Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya mia moja walikufa hapa Nairobi, na wengine wakapofuka, kwa kunywa pombe yenye methanoli. Mei mwaka 2014 vifo vikatokea tena katika kaunti kadhaa, na Februari mwaka 2024 vikatokea Kirinyaga. Nafaka ikiumuka hutoa methanoli kidogo mno, isiyoweza kuua namna ile. Sumu inayoua watu kwa makumi ni ile ya viwandani, iliyotengenezwa kwa kazi ya rangi na ya kuyeyushia vitu, ikatiwa ndani ya kinywaji. Kwa hivyo tunapochagua chombo tuanze na swali hili: kabla ya kuja kwetu kilikuwa na nini ndani?

KUCHAGUA VYOMBO

La kwanza ni historia ya chombo. Hapa kwetu mapipa hayakosekani. Viwanda vya rangi, vya plastiki, vya sabuni na vya mafuta viko karibu, na pipa la lita 200 huuzwa bei ndogo. Msilinunue kwa kazi hii, hata likiwa safi machoni, hata muuzaji akiapa. Pipa la plastiki hunywa kile kilichomo, na baadaye hukitoa kidogo kidogo. Kama hamna hakika ya historia yake, likingieni maji ya mvua ya kuoshea sakafu.

La pili ni chuma chenyewe. Kinachofaa ni stenlesi. Chukueni sumaku mnapokwenda sokoni: stenlesi nzuri ya kazi ya chakula haishiki sumaku, au huishika kidogo tu penye maungio. Sumaku ikigandama kwa nguvu pipa zima, ulizeni tena. Sufuria ya alumini yaweza kuchemshia maji ya kimea, lakini kamwe isioshwe kwa soda kali ya kostiki, kwa maana soda huila alumini na kutoa gesi inayolipuka.

La tatu ni maungio. Mafundi wetu wa Kariobangi Light Industries wana mikono mizuri, na twawashauri mwape kazi wao kabla ya kuagiza kutoka ng'ambo. Lakini semeni mapema mnachotaka. Stenlesi ichomelewe kwa waya wa stenlesi na gesi ya agoni, si kwa fimbo ya chuma cha kawaida, ambayo hushika kutu kabla mwaka haujaisha. Kisha ndani pasuguliwe mpaka pawe laini. Pitisha kidole juu ya ungio. Kidole kikikwama, vijidudu navyo vitakwama hapo, na pombe itachacha kila mara, nanyi mtamlaumu mpishi bure.

La nne ni mlango wa chombo, na hapa twaomba msikilize sana. Tangi la lita 500 liwe na kifuniko kipana, mkono na brashi yenye mpini vifike kila pembe, au liwe na kichwa cha kunyunyizia maji ndani. Sakafu yake iwe na mteremko, na koki iwe mahali pa chini kabisa ili maji yote yatoke. Tangi lenye sakafu bapa na mlango mdogo huuzwa rahisi kwa sababu hiyo hiyo. Kila wiki mtu atalazimika kuingia ndani kufagia masimbi, na bei mliyopunguza siku ya kununua ataibeba yeye.

Yapo matangi ya kupozea maziwa yaliyokwisha kutumika, hasa kutoka kwa vyama vya ushirika vya wafugaji. Ni ya stenlesi, yana kifuniko kikubwa na ukuta wa kupozea. Hayo twayasifu. Lakini hayakuundwa kustahimili nguvu ya gesi. Msiyafunge kabisa pombe ikiumuka.

La tano ni maji. Kiwanda kidogo hutumia lita sita mpaka kumi za maji kwa kila lita moja ya bia, na nyingi zake ni za kuosha. Ninyi mwajua mgao wa maji wa mtaani kuliko sisi. Nunueni tangi la akiba kabla ya kununua tangi la pili la pombe. Pasipo maji ya kuosha hakuna kazi siku hiyo.

JOTO NA MAHALI TULIPO

Vitabu vingi vya kazi hii viliandikwa na watu wanaokaa chini karibu na bahari, ambako maji huchemka kwa digrii 100. Nairobi iko juu, kama mita 1,600 na zaidi, na maji yetu huchemka kwa digrii 95 hivi. Kwa hivyo kipima joto kikisimama kwenye 95 msifikiri kimeharibika. Kikisoma 100 katika maji yanayochemka hapa Baba Dogo, hicho ndicho kibovu. Kipimeni hivyo kila mwezi, kwa sababu kimea huvunjwa kati ya digrii 63 na 68, na kosa la digrii tano huharibu pipa zima. Kuchemsha nako msikufupishe: saa nzima, au saa moja na nusu.

KUTUNZA

Chombo huoshwa siku ile ile. Suuza kwanza kwa maji ya kawaida, kisha soda kali ya vuguvugu, kisha maji safi tena, kisha dawa ya kuua vijidudu. Anayepima soda avae glavu ndefu, miwani na buti. Soda ndiyo hutiwa ndani ya maji. Maji hayatiwi juu ya soda kavu, maana huchemka na kuruka usoni. Jik msiiache ndani ya stenlesi kwa muda mrefu, huitoboa vidoto vidoto. Wala msiichanganye na tindikali yoyote, kwa kuwa hutoa gesi ya klorini, nayo huchoma mapafu.

Jambo moja huwashangaza hata mafundi wa zamani. Tangi lililokwisha kutoa pombe hubaki limejaa gesi ya kaboni. Ukilifunga na kumwaga soda ndani yake, soda huinywa ile gesi yote kwa muda mfupi, na hewa ya nje hulibonyeza tangi kama mkebe wa soda. Hata maji ya baridi baada ya maji ya moto huweza kufanya hivyo. Kwa hivyo fungueni kifuniko, na muitoe gesi kwanza.

Mipira ya kupitishia pombe iwe ya kazi ya chakula, itundikwe ikauke, na ibadilishwe ikianza kupasuka ndani. Koki na valvu zifunguliwe vipande vipande kila wiki, maana uchafu hujificha nyuma ya mpira wake. Umeme wa kuchemshia uwe na waya wa ardhi na kikatio, kwa sababu sakafu ni maji matupu. Mtungi wa gesi ufungwe mnyororo ukutani. Valvu ya usalama isifungwe kwa waya ati inapiga kelele. Ile kelele ndiyo kazi yake.

GESI ISIYOONEKANA

Ndugu zetu, hili ndilo lililotuleta. Pombe inapoumuka hutoa gesi ya kaboni. Lita moja ya bia hutoa kama lita 20 za gesi. Pipa la lita 500, basi, hutoa kama lita 10,000, yaani mita za ujazo 10, katika siku chache. Chumba cha mita nne kwa tatu, chenye kimo cha mita mbili na nusu, kina mita za ujazo 30. Hesabuni wenyewe: pipa moja laweza kujaza theluthi ya chumba hicho, tena kuanzia sakafuni, kwa maana gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikifika sehemu 10 katika 100 za hewa, mtu huzimia kwa dakika chache au upesi zaidi.

Kuna desturi ya kuteremsha mshumaa ndani ya tangi. Ukizimika, husema ni hatari. Ukiwaka, husema ni salama. Desturi hiyo imedanganya wengi. Mshumaa huendelea kuwaka mahali ambapo gesi ya kaboni imekwisha kuwa nyingi kiasi cha kumwangusha mtu. Mshumaa hauna mapafu.

Katika kiwanda kimoja tulichofanya kazi, ambacho hatutakitaja, tangi lilikuwa na mlango mdogo kama wa jiko. Kijana wetu wa usafi aliingia na ndoo kama alivyozoea. Aliyekuwa nje aliita, hakuitikiwa. Akaingia kumtoa mwenzake, naye akaanguka. Wa tatu alishikwa shati na wazee wa kazi akazuiwa, na huku akiwatukana. Kijana wa kwanza hakuamka. Wa pili aliamka, lakini hakurudi kazini. Baadaye tuliona barua ya kununulia lile tangi. Ilisema limechaguliwa kwa sababu ya bei.

Kwa hivyo twawapa amri nne, nanyi mziandike ukutani kwa rangi:

1. Hakuna mtu kuingia ndani ya tangi. Kama chombo chalazimisha kuingia, chombo hicho hakifai.

2. Chumba cha kuumushia kiwe na matundu chini ukutani, si madirisha ya juu peke yake, na feni ya kutoa hewa iwekwe chini.

3. Hakuna mtu kufanya kazi peke yake chumbani humo, wala kulala humo kulinda mali.

4. Mwenzako akianguka, usimfuate. Zima, fungua, piga kelele, ita msaada wenye vifaa vya kupumulia.

Ya nne ni ngumu kwa moyo wa mtu. Twajua. Lakini anayefuata bila hewa huongeza jeneza la pili.

Mwisho, fedha. Mkiandika hesabu ya kiwanda, msiandike bei ya vyombo tu. Andikeni pia soda, glavu, mipira, maji, feni, na saa za mtu wa kuosha, mkimlipa sawa na mpishi, kwa kuwa nusu ya kazi ya bia ni kuosha. Fedha ikipungua, punguzeni ukubwa wa pipa. Lita 200 zinazooshwa kwa usalama zitawalisha watoto wenu kuliko lita 1,000 zinazowatia kaburini.

Chama kipo. Kabla hamjalipa shilingi moja kwa muuzaji, tuiteni twende pamoja tukalione hilo tangi. Tutakuja na sumaku, na tutakuja na brashi yenye mpini mrefu.

Umoja ni nguvu.