Vifaranga: Vitafunio Vyao na Vumbi Lao

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama na wanafunzi siku ya mkutano wetu wa mwaka, Tabora)



Wasemaji walionitangulia wamezungumza mambo makubwa ya nchi. Mimi nitazungumza juu ya kifaranga. Anayetaka kucheka na acheke sasa amalize, kwa sababu mbele ya safari nitafika kwenye maradhi ya watu.

Tangu siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, wengi wetu humu ukumbini tumepata kushika ufagio wa banda la kuku. Tulijifunza habari ya pumba, maji na kuhesabu mayai. Vumbi tulilijua kama uchafu wa kufagia. Lakini kuku ana haja na vumbi. Asili yake ni ndege wa misitu ya Asia ya Kusini na Mashariki, na desturi ya kuoga vumbi amekuja nayo kutoka huko. Kifaranga aliyetotolewa kwa mashine, asiyemjua mama, ataanza kujigaragaza katika wiki zake za mwanzo bila kufundishwa na mtu. Anachimba kishimo, analala ubavu, anajirushia udongo mpaka uingie katikati ya manyoya, halafu anasimama na kujikung'uta. Vumbi hunyonya mafuta yaliyozidi kwenye manyoya na kusumbua chawa na utitiri. Kuku mkubwa aliye huru hufanya hivyo karibu kila baada ya siku mbili, kwa muda wa kama nusu saa. Huko Ulaya walimfungia kuku wa mayai katika vizimba vya waya kwa miaka mingi, hatimaye nchi za Umoja wa Ulaya zikapitisha sheria mwaka 1999, na kuanzia Januari 2012 vizimba vile vitupu vimepigwa marufuku. Sisi ambao udongo tunao bure hatuna sababu ya kumnyima.

Sasa vitafunio. Kifaranga mdogo chakula chake ni kile cha vifaranga chenye protini ya kutosha, au mchanganyiko wa nyumbani unaokaribia hicho. Vitafunio viwe kidogo, visizidi sehemu moja ya kumi ya anachokula kwa siku. Hapa kwetu tuna kitafunio kizuri kuliko vyote, nacho ni mchwa. Chukua chungu kikuukuu, jaza mabua na samadi kavu ya ng'ombe, nyunyiza maji, kifunike juu ya tundu la mchwa jioni. Asubuhi wahi kabla jua halijawa kali, kung'uta mbele ya vifaranga, utaona vita. Kumbikumbi wa mvua za kwanza nao wanafaa, ila usiwaachie vifaranga wale mpaka kifuko cha shingoni kiwe kigumu kama jiwe. Mchicha uliokatwakatwa ni mzuri. Ugali mkavu uliobaki unashibisha tumbo tu, haukuzi. Na yeyote anayempa kifaranga majani au nafaka lazima ampe na changarawe ndogo ndogo, maana ndege hana meno, firigisi ndiyo inayosaga.

Hapo kwenye nafaka nitasimama kidogo. Mkoa huu unalima karanga tangu zamani. Hata Waingereza walileta matrekta yao Urambo mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa mradi wa karanga, wakashindwa. Karanga zilizoota ukungu watu huwatupia kuku, wakiona ni hasara kuzimwaga. Mwaka 1960 huko Uingereza bata mzinga zaidi ya laki moja walikufa kwa ugonjwa ambao haukujulikana, na uchunguzi ukaonyesha kuwa walilishwa mashudu ya karanga yenye sumu ya ukungu. Ndiyo hii tunayoiita sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kwa mahindi. Kwa hiyo kilichoota ukungu kisiliwe na mtu wala kuku, kizikwe. Wako pia wanaoweka majani ya tumbaku kwenye viota ili kufukuza chawa. Tumbaku ni sumu, na kifaranga hudonoa kila akionacho, usiiweke alipo.

Narudi kwenye vumbi. Katika nyumba nyingi za vijijini kuku hulala ndani pamoja na watu, kwa kuogopa mwizi na kicheche. Nami siwalaumu wenye nyumba, kicheche mmoja humaliza vifaranga wote usiku mmoja. Lakini vifaranga wakilala ndani, vumbi wanalooga asubuhi ni la sakafu ya nyumba, na katika sakafu ya udongo na nyufa za ukuta ndimo akaapo papasi. Mdudu huyu hutoka usiku, hunyonya damu ya mtu, na damu ya kuku pia, kisha hurudi ufani kabla hakujapambazuka. Anaweza kukaa miaka bila kula. Ndiye anayeleta homa ya papasi, ile inayopanda siku chache, ikaacha, halafu ikarudi, na mama mjamzito inaweza kumharibia mimba.

Vijana, historia ya mdudu huyu imepita mlangoni petu. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilikuwa na makambi na vibanda ambamo wapagazi wa Kinyamwezi walilala usiku mmoja mmoja, na kila msafara ulinunua kuku njiani kwa nguo na shanga. Vibanda vile havikukosa damu ya kunyonywa. Mwaka 1905 Mjerumani Robert Koch aliwachunguza papasi kwenye vibanda vya njia za misafara katika nchi hii, akaona kuwa papasi jike huyarithisha maradhi haya mayai yake. Mwaka huo huo Mwingereza John Everett Dutton, aliyekuwa akichunguza maradhi haya haya upande wa Kongo, alikufa kwa homa hiyo huko Kasongo, Manyema, ambako misafara ya pembe ilikuwa ikifika. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 misafara ilikuwa inakwisha. Papasi hakuhitaji msafara tena, nyumba zilikuwa nyingi.

Kwa hiyo ninalolisema ni hili: kuku awe na banda lake nje na vumbi lake nje. Banda lisimame juu ya miguu, mlango ufungwe kwa komeo ili kicheche asipate njia, na nyufa zizibwe, maana kupe wa kuku naye hujificha kwenye nyufa za mbao. Chini ya ukingo wa paa, pasiponyesha, weka karai bovu au tairi kuukuu. Tia udongo mkavu uliochekechwa makopo mawili na majivu ya kuni kopo moja, kina cha vidole vinne kwa vifaranga. Majivu yawe yamepoa na yawe makavu. Yakilowa huunguza ngozi. Udongo ukilowa badilisha siku hiyo hiyo, kwa sababu unyevu ndio unaokuza ugonjwa wa kuharisha damu. Msidanganyike, majivu hayamwui papasi aliyekwisha kuingia ukutani. Hiyo ni kazi ya kukandika upya ukuta na sakafu, na kuku asirudi ndani.

Wala vumbi na mchwa havizuii mdondo. Chanjo ya I-2, tone moja katika jicho moja kila baada ya miezi mitatu, hiyo haina mbadala. Mwulizeni Bwana Mifugo wa kata yenu.

Nimekuja na karai moja, lipo nje upande wa jikoni, na chungu cha mchwa kando yake. Wanafunzi wa zamu ya kuku waje tukitege jioni hii kwenye kile kichuguu cha nyuma ya uwanja wa mpira, kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi tukifunue.