Safari ya Mwisho ya Mzigo
Hotuba ya Katibu katika Sherehe ya Miaka Kumi ya Chama Kikuu, Babati

Wenzangu wamekwisha kuzungumza habari za mahindi na mbaazi. Mimi nitasema machache juu ya mzigo mdogo, tangu stendi ya mabasi hadi mlangoni kwa mwanachama.

Kifurushi cha mbegu hutoka Arusha kwa basi, mwendo wa kilomita zipatazo 170, nacho hufika Babati siku ile ile. Lakini kutoka stendi hadi Nangara au Maisaka chaweza kukawia siku tatu. Msimu uliopita mwanachama wetu mmoja alipokea mbegu zake majirani wakiwa wamekwisha kupanda. Kosa lilikuwa letu, nami nalikiri mbele yenu. Kila mzigo tuliupa safari yake: pikipiki ilikwenda, ikarudi, ikaenda tena, na petroli ikalipwa kwa ushuru wenu. Fedha ya petroli ilipokwisha, mizigo ililala.

Jambo hili si geni kwa wanaushirika. Mwaka 1964, mabwana wawili wa Manchester, Uingereza, Clarke na Wright, walichapisha kanuni ya kupanga safari za magari ya mizigo. Na Bwana Clarke alikuwa mtumishi wa chama cha ushirika cha huko. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Mathalan, nyumba moja iko kilomita 4 kutoka stendi, ya pili kilomita 5, na baina yao kilomita 2. Ukienda na kurudi kwa kila moja, utakwenda kilomita 18. Ukiziunganisha, kilomita 11 tu. Umeokoa kilomita 7. Basi huunganishwa kwanza nyumba zenye kuokoa zaidi, kisha zinazofuata, hadi chombo kijae.

Kukisia hakutoshi. Nyumba 5 zaweza kufuatana kwa namna 120; nyumba 10, kwa namna 3,628,800.

Lakini yapo mawili yasiyoonekana katika karatasi. Kwanza, mvua: njia fupi ya kiangazi yaweza kuwa tope wakati wa masika, hivyo hapana budi dereva aulizwe. Pili, dharura: dawa ya ng'ombe mgonjwa haingoji zamu, na itangulie, hata njia ikirefuka.

Nanyi mna wajibu wenu. Kazi ya anwani za makazi iliyofanywa nchini mwaka 2022 ilizipa nyumba namba na mitaa majina. Mwanachama anayeagiza mbegu na aandike namba yake, asiseme tu “karibu na mwembe mkubwa,” kwani miembe ni mingi.

Naomba mkutano ukubali safari mbili kila siku, asubuhi na alasiri, badala ya safari kwa kila kifurushi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mzigo mmoja usipewe pikipiki peke yake.