Simu Haioni Uso
Hotuba iliyosomwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani siku ya mkutano wetu wa mwaka



Nimeombwa nizungumze kwa dakika 15 juu ya jambo litakalowafaa vijana wetu. Walionitangulia wamekwisha kutueleza juu ya nidhamu na kilimo, nami sina la kuongeza. Nimechagua jambo dogo, nalo ni namna ya kuzungumza Kiingereza cha kila siku, hasa kwenye simu. Naona wengine wanacheka. Mimi pia ningecheka, kama lisingalinikuta.

Niliingia Kidato cha Kwanza hapa mwaka 1995. Wakati huo Bariadi ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wetu wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012. Nilitoka darasa la saba nikiwa nimefundishwa kila somo kwa Kiswahili, na nyumbani tulisema Kisukuma. Kiingereza kilikuwa lugha ya tatu, na ghafla kikawa lugha ya Fizikia, Historia na Jiografia. Tulikariri. Niliweza kuandika nusu ukurasa juu ya usanisinuru bila kosa, lakini sikuweza kumwomba mtu chumvi kwa Kiingereza. Hata Chuo Kikuu nilimaliza hivyo hivyo, nikisoma na kuandika vizuri, na kunyamaza vizuri zaidi.

Nilipoajiriwa, wiki ya tatu, mkuu wangu wa kazi alisafiri. Simu ya mezani ikalia. Alikuwa mgeni mmoja aliyekuwa Mwanza, mtu wa mradi wa visima, naye alisema Kiingereza cha haraka. Nilichokisikia vizuri ni swali moja tu: "Hasn't he come back yet?" Yaani, mkubwa wako hajarudi bado? Nikajibu kwa adabu zote, "Yes, sir." Akashukuru, akakata simu. Kesho yake akafika kwa gari, vumbi hadi kwenye nyusi, akiamini mkubwa yupo. Hakuwapo. Akangoja hadi jua kutua, akaondoka bila kikao. Visima viwili tulivyovitarajia mwaka ule tulivipata mwaka uliofuata. Ndugu zangu, mnajua maana ya mwaka mmoja wa kuchota maji ya kufukua kwenye mchanga wa mto uliokauka. Wanaochota ni mama zetu na dada zetu.

Kosa langu lilikuwa nini? Kwa lugha yetu, mtu akiniuliza "Hajarudi?" nami nikajibu "Ndiyo", namkubalia kwamba kweli hajarudi. Kiingereza hakiendi hivyo. "Yes" huthibitisha kwamba jambo limefanyika, na "No" kwamba halikufanyika, swali liulizwe kwa kukanusha au bila kukanusha. Nilitumia neno la Kiingereza kwa kanuni ya Kiswahili. Neno hilo nililijua tangu shule ya msingi, lakini hapakuwa na siku hata moja niliyolifanyia mazoezi kinywani.

Wadogo zangu, yafaa mjue kwamba simu ni ngumu kuliko maongezi ya ana kwa ana, na msijilaumu. Kwanza, simu haioni uso. Ukiwa mbele ya mtu, macho na mikono husaidia ulimi. Pili, waya wenyewe hula sauti. Simu ya mezani ya kawaida iliundwa ipitishe mitetemo kama 300 hadi 3,400 kwa sekunde, na sehemu kubwa ya sauti ya "s" iko juu ya hapo. Ndiyo maana "s" na "f" hufanana kwenye simu hata kwa Mwingereza mwenyewe. Kwa sababu hiyo watu wa ndege, tangu mwaka 1956, hutaja herufi kwa maneno: Alfa, Bravo, Charlie, na kuendelea. Yakaririni. Ukimwambia mtu wa London "B ya Bariadi" hutakuwa umemsaidia.

Hata wenye lugha yao walianza kwa kubabaika. Simu ilipopata hataza kule Marekani mwaka 1876, halikuwapo neno lililokubaliwa la kuanzia mazungumzo. Bell, mwenye hataza hiyo, alipenda "Ahoy", mwito wa mabaharia. Mwaka 1877 Thomas Edison akapendekeza "Hello". La Edison likashinda, likasafiri dunia nzima, hata leo bibi yangu kijijini husema "Halo" bila kujua limetoka wapi. Basi maneno ya simu hakuna aliyezaliwa nayo. Wote wamejifunza.

Sasa niwape mambo manne ambayo mimi niliyalipia.

La kwanza ni saa. Kwetu saa tatu asubuhi ni "nine o'clock". Mtu akifasiri neno kwa neno akasema "three o'clock", mgeni atafika saa tisa alasiri na kukuta ofisi inafungwa. Kila utajapo saa kwa Kiingereza, hesabu saa sita mbele au nyuma, kisha taja kama ni asubuhi au jioni.

La pili ni tarakimu. "Fifteen" na "fifty" hukaribiana mno kwenye simu. Kama ni marobota 15 ya pamba, sema "fifteen, one five". Kisha mwombe mwenzako arudie. Tofauti ya marobota 35 si mchezo.

La tatu ni adabu. Sisi adabu yetu iko kwenye salamu: mvua, mifugo, watoto, ndipo shida iliyokuleta. Mwingereza hufupisha salamu, adabu yake huiweka ndani ya ombi. Ukimwambia "I want to speak to the manager", atasikia amri, ingawa wewe hukukusudia. Sema "May I speak to the manager, please?" Vilevile, tusiseme "I am coming" tunapotoka kwenda kumtafuta mtu. Sisi tunapoondoka husema "nakuja" na tunaelewana. Yeye atashangaa unakwenda wapi naye. Mwambie "Hold on, please."

La nne ni herufi "l" na "r". Sisi Wasukuma tunazibadilishana, na hata Waswahili wa pwani hututania kwa hilo. Hakuna aibu. Lakini ukiagiza kitu, kuna tofauti kati ya "load" na "road". Zoezeni ulimi polepole, na penye shaka tajeni herufi.

Juu ya yote hayo, liko sentensi moja ambayo ningeijua siku ile visima vingechimbwa kwa wakati: "Could you repeat that, please?" Yaani, tafadhali rudia. Niliona haya kuisema, kwa kuwa nilidhani msomi haombi kurudiwa. Kumbe asiyeuliza ndiye hupotea njia.

Mazoezi yake hayahitaji fedha. Kila jioni, baada ya chakula, wanafunzi wawili wakae wamepeana mgongo, wasionane nyuso. Kila mmoja ashike gunzi la mhindi sikioni. Mmoja awe ofisi, mwingine awe mgeni. Mgeni ataje jina lake, namba, saa na ujumbe. Aliye ofisi aandike, asome alichoandika, kisha wabadilishane. Dakika kumi zatosha. Msirukie maneno makubwa, na mtu akikosea asichekwe. Ulimi huogopa kicheko kuliko fimbo.

Nisieleweke vibaya, Ndugu Mwenyekiti. Sisemi Kiingereza ndicho akili. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika tangu mwaka 2019, sheria iliyobadilishwa mwaka 2021 imekifanya lugha ya mahakama zetu, na tarehe 7 Julai dunia nzima inakiadhimisha. Mwalimu Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934 akisema Kizanaki. Kiswahili alijifunza, Kiingereza akajifunza, hata akapata shahada Edinburgh mwaka 1952. Kisha akarudi na kumfasiri Shakespeare kwa Kiswahili, si kwa kuwa alishindwa kumsoma kwa Kiingereza, bali apate kutugawia. Huo ndio mfano. Lugha ya pili au ya tatu ni jembe la kuongeza, na mwenye majembe matatu halitupi lile alilorithi kwa baba yake.

Mwisho, nina ombi kwa wenzangu wa zamani. Tumechanga fedha za madawati, na ni vyema. Lakini tunazo pia sauti. Mwanafunzi haruhusiwi kuwa na simu shuleni, wala siombi kanuni hiyo ilegezwe. Naomba kila mmoja wetu anayeweza, mara moja kwa mwezi, apige simu ya mwalimu wa chama cha Kiingereza kwa saa iliyokubaliwa, na kijana mmoja aipokee kama vile yuko ofisini, aandike ujumbe, na jioni ausome mbele ya wenzake. Nimekwisha kupatana na mwalimu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, nitakuwa wa kwanza kupiga.

Nawe kijana utakayepokea, kumbuka: nitakuuliza kama Mkuu wa Shule hajarudi. Fikiri kwanza kabla hujajibu.