Goti Lililoumia Lipewe Muda

Leo tuzungumzie goti.

Mtu akivunjika mguu akatibiwa vizuri, miezi michache tu mfupa umeunga. Lakini mwenzake aliyeteleza na tenga la nyanya kule Ilula, Kilolo, goti likapinda bila kuvunjika, mwaka unakatika bado anachechemea. Wapo wanaomwita mvivu. Wanamwonea, maana huenda kilichoumia si mfupa bali gegedu.

Ukila paja la kuku, tazama ncha ya mfupa. Ule weupe laini unaoteleza ndio gegedu. Kwenye goti la mtu mzima unene wake ni kama milimita 2 hadi 4 tu, nalo ndilo linaloizuia mifupa isisagane.

Sasa, gegedu halina mishipa ya damu. Mfupa ukivunjika, damu huvuja na kuganda, kisha chembe za kuunga huanzia kazi hapo hapo. Gegedu likichanika juujuu, damu haifiki. Chembe zake lenyewe ni chache, tena kila moja imefungiwa mahali pake, haiwezi kwenda kuziba ufa. Hata mishipa ya fahamu halina, ndiyo maana linaweza kulika muda mrefu kabla hujasikia maumivu.

Jeraha likizama hadi mfupani, damu huja na pengo huzibwa, ila kwa kovu lisilohimili uzito kama gegedu lenyewe. Daktari William Hunter wa London aliandika mwaka 1743 kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Mwaka 1994 madaktari wa Sweden walitangaza njia ya kuotesha chembe za gegedu maabara na kuzipandikiza gotini. Inasaidia baadhi ya wagonjwa, lakini ni ya gharama kubwa.

Gegedu hupata chakula chake kutoka kwenye ute wa kiungo. Ukikanyaga linabanwa, ukiinua mguu linanyonya ute kama sponji. Kwa hiyo kulala kitandani wiki baada ya wiki hakulisaidii. Kutembea taratibu, kadiri mtaalamu atakavyokuelekeza, kunalisaidia. Kinacholiumiza ni mzigo mzito, hasa kwenye miteremko yetu ya Kilolo, maana kushuka kunalielemea goti kuliko kutembea tambarare.

Goti likivimba, likikwama au likikosa nguvu ghafla, usikubali kuchuliwa kwa nguvu. Nenda kituo cha afya. Nanyi mlio nyumbani, lumbesa la viazi la mama mwenye goti bovu libebeni ninyi, hata kama leo anasema amepona.